Kufuli la barua pepe lipo, ila ufunguo uko mikononi mwa nani?

MNAMO 2015, watafiti wa kampuni ya Google na wa vyuo vikuu vya Michigan na Illinois nchini Marekani walichapisha orodha ambayo hakuna taifa lingependa kujipata ndani yake. Walikuwa wamefuatilia jinsi barua pepe zinavyosafiri kutoka nchi mbalimbali hadi kwenye huduma ya Gmail. Walibaini kwamba katika mataifa saba, zaidi ya barua 20 kati ya kila 100 zilikuwa zikivuliwa kinga zikiwa njiani.

Tunisia iliongoza kwa asilimia 96. Kenya ilikuwamo kwa takriban asilimia 24, na jirani yake Uganda kwa asilimia 23.

Mambo yalikuwa hivi. Seva moja inapotaka kukabidhi barua kwa nyingine, kwanza huuliza iwapo hiyo nyingine inaweza kuzungumza kwa lugha ya siri. Ikijibiwa kuwa inaweza, mazungumzo yote yanayofuata husimbwa, yaani maneno hugeuzwa kuwa mchafukoge wa herufi na tarakimu usiosomeka. Katika nchi hizo kulikuwa na mitambo katikati ya njia iliyolifuta jibu hilo kabla halijafika. Seva iliyouliza ikadhani kwamba mwenzake haijui lugha ya siri, na badala ya kukataa kutuma, ikaituma barua ikiwa wazi.

Si lazima mwenye mtambo huo awe jasusi. Baadhi ya vifaa vya ulinzi vinavyowekwa na ofisi pamoja na kampuni za intaneti hufanya hivyo ili viweze kukagua barua zinazopita. Hata hivyo, barua inayosomeka na mkaguzi mwema husomeka pia na mwizi aliyejibanza mbele kidogo kwenye njia hiyo hiyo.

Kwa aliyeandika barua kwenye simu yake, hakuna dalili yoyote iliyoonekana. Alibonyeza kitufe cha kutuma, barua ikaondoka, ikafika. Hapo ndipo penye utata ambao watumiaji wengi wa simu hawajaufahamu: kuna kulifunga gari linalobeba barua, na kuna kuifunga barua yenyewe. Kinga hizi mbili hutegemea hisabati ya aina moja, lakini hazilindi kitu kimoja.

Chukulia kwamba wakili wa Kisumu anamwandikia mteja wake aliye Mombasa kuhusu kesi ya shamba. Barua hutoka kwenye simu ya wakili na kupita hewani hadi kwenye mnara wa kampuni ya mawasiliano, kisha hadi kwenye seva ya kampuni inayomhifadhia barua. Seva hiyo huipeleka kwa seva ya kampuni inayomhudumia mteja. Mwishowe simu ya mteja huichota kutoka huko. Hizo ni safari tatu, na huenda seva zote mbili ziko ng'ambo.

Ni kama kifurushi kinachosafirishwa kwa basi kutoka Kisumu hadi Mombasa na kubadilishiwa gari Nairobi. Buti la kila basi linaweza kufungwa kwa kufuli imara, lakini karani wa afisi ya vifurushi jijini anakishika kifurushi mkononi. Akitaka kukifungua, kufuli la buti halimzuii.

Kufuli linalotumika katika safari hizo lilibuniwa ili kutatua tatizo lililowasumbua wafalme, majenerali na mabalozi kwa karne nyingi. Tangu jadi, aliyetaka kuandika kwa siri alihitaji kukubaliana mapema na mwenzake kuhusu ufunguo mmoja wa kusimba na kusimbua. Ufunguo huo ulipaswa kupelekwa kwa mkono wa mjumbe mwaminifu. Iwapo mjumbe angenaswa, au anunuliwe, siri zote zingemwagika. Isitoshe, watu wawili wasiowahi kukutana hawangeweza kuandikiana kwa siri kamwe.

Mnamo 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha makala iliyoonyesha kuwa mjumbe huyo hahitajiki. Mwanafunzi mmoja, Ralph Merkle, alikuwa amefikia wazo la karibu na hilo kwa njia yake mwenyewe. Mwaka uliofuata, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa taasisi ya MIT walibuni njia ya kulitekeleza. Njia hiyo hujulikana hadi leo kwa herufi za kwanza za majina yao ya ukoo, RSA.

Historia nayo ina kejeli zake. Mnamo Desemba 1997 ndipo ilipotangazwa kwamba watumishi watatu wa idara ya ujasusi wa mawasiliano ya Uingereza, GCHQ, walikuwa wamegundua mambo yayo hayo kati ya 1969 na 1974. Hao ni James Ellis, Clifford Cocks na Malcolm Williamson. Walikuwa wamefungwa midomo na kiapo cha kazi. Ellis alifariki wiki chache tu kabla ya jina lake kutajwa hadharani.

Wazo lenyewe ni hili. Kila mtu awe na funguo mbili zilizozaliwa pamoja. Mmoja ni wa umma, na anaweza kuutangaza hata sokoni. Wa pili ni wa siri, na haumtoki. Kilichofungwa kwa ule wa umma hufunguka kwa ule wa siri pekee. Mteja wa Mombasa ni kama fundi aliyesambaza makufuli yaliyo wazi kila mtaa: yeyote anaweza kuchukua kufuli, akatia barua sandukuni na kulibana. Likishabanwa, hata aliyelibana hawezi kulifungua tena. Fundi peke yake ndiye mwenye ufunguo.

Hisabati yake inaweza kuonjwa kwa kalamu na karatasi. Chukua nambari mbili tasa, yaani zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe, kama vile 2 na 11. Zizidishe upate 22. Mwenye kufuli atatangaza nambari 22 pamoja na 3. Huo ndio ufunguo wake wa umma. Atajiwekea nambari 7, na huo ndio ufunguo wa siri.

Sasa mtu anataka kumpelekea kwa siri nambari 5. Ataizidisha mara tatu, 5 kwa 5 kwa 5, apate 125, kisha aigawe kwa 22 na kuchukua baki, ambayo ni 15. Atatuma 15. Mpokeaji ataizidisha 15 mara saba na kupata 170,859,375. Akiigawa kwa 22, baki ni 5, nambari ile ile aliyokusudiwa.

Aliyechungulia njiani ameona 22, ameona 3, ameona 15. Kilichomkosa ni 7. Ili aipate, ni sharti kwanza agundue kwamba 22 ilitokana na 2 na 11. Katika mfano huu hata mtoto wa darasa la nne ataweza. Katika matumizi halisi, nambari inayotangazwa huwa na tarakimu 617 au zaidi, na hakuna anayejua njia ya haraka ya kurudi kutoka kwa zao hadi kwa nambari mbili zilizolizalisha. Mnamo Februari 2020, watafiti walifaulu kuivunja nambari ya aina hiyo yenye tarakimu 250. Kazi hiyo ilitumia tarakilishi nyingi kwa pamoja. Ingefanywa na kiini kimoja cha tarakilishi, ingechukua takriban miaka 2,700.

Kuzidisha nambari ndefu kiasi hicho ni kazi nzito, na simu ya mkononi huendeshwa kwa betri. Kwa hivyo, barua yote haisimbwi kwa njia hiyo. Simu hubuni ufunguo mfupi wa kutumiwa mara moja tu, ambao husimba maandishi, picha na hati kwa kasi kubwa. Kisha ufunguo huo mfupi peke yake ndio unaofungwa kwa ufunguo wa umma wa mpokeaji na kuambatanishwa na barua. Simu za siku hizi pia hupendelea hisabati nyingine, iliyopendekezwa mnamo 1985 na Neal Koblitz na Victor Miller kila mmoja kivyake. Ndani yake, ufunguo wa biti 256 hutoa kinga inayokaribiana na ya ufunguo wa RSA wenye biti 3,072.

Funguo hizo mbili hufanya kazi nyingine ambayo kwa mfanyabiashara pengine ni muhimu kuliko usiri. Zikigeuzwa upande, huwa sahihi. Mtu akitia alama kwenye barua kwa ufunguo wake wa siri, yeyote mwenye ule wa umma anaweza kuthibitisha kwamba ni yeye na kwamba hakuna nukta iliyobadilishwa. Walaghai wanaojifanya wakurugenzi na kumwamuru mhasibu atume pesa kwa akaunti mpya hustawi kwa sababu barua pepe za kawaida hazina sahihi kama hiyo. Jina lililo juu ya barua anaweza kuliandika mtu yeyote.

Katika safari ya kwanza, kutoka kwa simu hadi kwa seva, hisabati hii hutumika bila mwenye simu kujua. Programu ya barua na seva hukubaliana ufunguo wa muda kwa mbinu iliyotokana na ile ya Diffie na Hellman, na seva hujitambulisha kwa cheti kilichotiwa sahihi na shirika linaloaminiwa. Ndiyo sababu mtu aliye kwenye wifi ya bure ya mkahawa, au ndani ya matatu, anaweza kusoma barua zake bila jirani kuzichungulia. Gmail iliifanya kinga hii kuwa ya kawaida kwa wanaoifungulia kwenye tovuti yake mnamo Januari 2010. Kabla ya hapo ilikuwa ni hiari ya mtumiaji.

Lakini kinga hiyo huanguka iwapo shirika linaloaminiwa litaibiwa. Mnamo 2011, wadukuzi waliingia katika kampuni ya DigiNotar ya Uholanzi, iliyokuwa ikitoa vyeti, na kujitengenezea cheti bandia cha Google. Cheti hicho kilitumiwa dhidi ya watu nchini Iran, ambako anwani zipatazo 300,000 za intaneti ziliathiriwa. Simu na tarakilishi zao ziliamini kuwa zinazungumza na Google. Hisabati haikuvunjwa, kilichoghushiwa ni kitambulisho. Kampuni hiyo ilifilisika Septemba mwaka huo huo.

Kisa cha Lavabit kinafafanua upande wa pili. Hii ilikuwa kampuni ndogo ya Texas iliyohifadhi barua za wateja wapatao 400,000, mmoja wao akiwa Edward Snowden, aliyefichua siri za ujasusi wa Marekani. Mnamo 2013, serikali ilimtaka mwenye kampuni, Ladar Levison, atoe ufunguo wa siri wa seva zake. Ufunguo huo ulikuwa mmoja kwa wateja wote. Levison aliuchapisha kwenye karatasi 11 kwa maandishi madogo yasiyosomeka kwa urahisi. Mahakama ikamtoza dola 5,000 kwa kila siku aliyochelewa kuutoa katika hali ya kutumika. Aliutoa, kisha Agosti 8 akaifunga huduma nzima.

Wateja hao walikuwa na kufuli. Ufunguo haukuwa wao.

Njia ya kuepuka hali hiyo ni kuifunga barua kwenye simu ya mwandishi na kuifungua kwenye simu ya msomaji, seva zote za katikati zikiona vurugu tupu. Programu ya kwanza iliyoleta jambo hili kwa mwananchi wa kawaida ni PGP, iliyotolewa na Mmarekani Phil Zimmermann mnamo 1991. Serikali yake ilimchunguza kwa miaka mitatu kwa tuhuma za kusafirisha silaha nje ya nchi, kwani wakati huo sheria za Marekani ziliiweka programu thabiti ya usimbaji katika fungu moja na zana za vita. Uchunguzi ulifutwa Januari 1996 bila mashtaka.

Leo hii, mwenye simu ya Android anaweza kutumia K-9 Mail au Thunderbird, iliyozinduliwa kwa simu hizo mnamo Oktoba 2024, ikisaidiwa na programu ya OpenKeychain inayotunza funguo. Simu za iPhone zimekuwa na uwezo wa kutumia mfumo mwingine, S/MIME, tangu 2011, ila mtumiaji huhitaji cheti, ambacho aghalabu hupewa na mwajiri. Kuna pia huduma kama Proton Mail ya Uswisi, iliyoanzishwa mnamo 2014, ambayo huifanya kazi hiyo kimyakimya endapo pande zote mbili zimejisajili nayo.

Iwapo mambo ni hayo, mbona watu wachache sana huifunga barua yenyewe? WhatsApp ilisimba ujumbe wa watumiaji wake wote Aprili 2016 na wengi hawakuhitaji kufanya lolote. Iliwezekana kwa kuwa programu zote mbili, ya mtumaji na ya mpokeaji, ni za kampuni moja inayoweza kuamua usiku na kutekeleza asubuhi. Barua pepe haina mwenyewe. Wakili anaweza kuwa na Gmail, mteja akawa na Yahoo, na karani wa mahakama akatumia seva ya serikali. Ni lazima wote wakubali mfumo mmoja na kupeana funguo za umma. Tena, kila mmoja anapaswa kuhakikisha kwamba ufunguo aliopokea ni wa mwenzake kweli, si wa laghai aliyejipenyeza kati. Kwa kawaida hilo hufanywa kwa kupigiana simu na kusomeana tarakimu za utambulisho wa ufunguo. Ni kazi ya dakika tano, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Hata barua iliyofungwa vyema haifichi kila kitu. Anwani ya mtumaji, ya mpokeaji na saa ya kutumwa hubaki wazi, kwa sababu seva zinazihitaji ili kuifikisha. Mara nyingi kichwa cha barua pia hubaki wazi. Wakili anayeandika "Ushahidi wa kesi ya shamba la Kibos" kwenye mstari wa juu amekwisha kusema mengi kabla ya neno la kwanza kusimbwa.

Mnamo Mei 2018, watafiti wa Ujerumani na Ubelgiji walionyesha jambo lingine lililowashtua wataalamu. Waligundua kwamba mtu aliyenasa barua iliyosimbwa angeweza kuichakachua na kuituma upya kwa mwenyewe, kisha programu ya mpokeaji, baada ya kuisimbua, ikayavujisha maandishi yake ilipojaribu kupakua picha kutoka kwa tovuti ya adui. Udhaifu huo, uliopewa jina Efail, ulizibwa katika programu nyingi, na tangu hapo ushauri wa kuzima upakuaji wa picha kwenye barua umetiliwa mkazo.

Kisha kuna simu yenyewe. Tarakilishi ya afisini hukaa mezani. Simu hubebwa matatuni, huazimwa na watoto, huporwa barabarani. Ufunguo wa siri ukiwa ndani yake, usalama wa barua zote hauzidi nambari ya siri inayofungua simu. Simu nyingi za sasa huhifadhi funguo muhimu katika sehemu ya pekee iliyotengwa na programu nyingine, kama iPhone zilivyoanza kufanya mnamo 2013, na ufunguo wa PGP huweza kufungwa kwa nywila yake yenyewe. Anayetumia 1234 kama nambari ya siri amejitaabisha bure na hisabati yote hiyo. Sawa na yeye ni anayeacha barua zionekane kwenye kioo cha simu iliyofungwa.

Hatari iko upande wa pili pia. Simu ikipotea na hakuna nakala ya ufunguo iliyowekwa kwingine, barua zote zilizofungwa kwa ufunguo huo hazitasomeka tena, hata na mwenyewe. Hakuna afisi ya huduma kwa wateja itakayoupata. Wanaojua huweka nakala kwenye kifaa kisichounganishwa na intaneti, na kuandaa mapema tangazo la kuubatilisha ufunguo ili wenzao wasiendelee kuutumia iwapo simu itaangukia mikono mibaya.

Humu nchini, Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo huitaka kampuni au taasisi iliyovujisha data za watu kumfahamisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na inautaja usimbaji miongoni mwa hatua za kujikinga. Sheria hiyo inasema pia kwamba mwenye kuhifadhi data huenda asilazimike kuwajulisha waathiriwa ikiwa data zilizovuja zilikuwa zimesimbwa. Kwa hospitali au shirika la mikopo ambalo wafanyakazi wake hubeba barua za wateja kwenye simu zao, hiyo ni tofauti kubwa.

Kuhusu ile orodha ya 2015, dawa ilipatikana baadaye. Mnamo Septemba 2018 ulichapishwa utaratibu unaomwezesha mwenye anwani ya intaneti kutangaza mapema kwamba seva yake hupokea barua zilizosimbwa pekee, hivi kwamba mtambo wa katikati ukilifuta jibu, barua haitumwi. Utaratibu huo hauanzi wenyewe. Lazima msimamizi wa seva wa kila afisi auwashe. Gmail, kwa upande wake, ilianza Februari 2016 kuonyesha alama ya kufuli jekundu lililo wazi mtu anapoandikia anwani ambayo seva yake haipokei barua kwa siri. Alama hiyo ni ndogo, na huonekana kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.